Mlango wa chumba cha upasuaji ufungwe

Tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025, hospitali za makanisa yetu zimebeba mzigo mzito. Ile ya CBCA Ndosho, ikisaidiwa na CICR, ilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake. Watu wameuliza juu ya dawa na damu, nao wana haki. Sisi tunaongeza ulizo moja: ni watu wangapi wanaoingia katika chumba cha upasuaji?

Ngozi ya kila mtu huangusha chembe zisizoonekana kwa macho, zenye kubeba vijidudu. Anapotembea, zinazidi kuruka. Mlango unapofunguliwa, hewa ya nje inaingia, na vijidudu vinaweza kutua juu ya kidonda kilicho wazi au juu ya vyombo. Mwaka 2016, OMS ilitangaza kwamba katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, wagonjwa 11 kati ya 100 wanaopasuliwa huambukizwa. Katika Afrika, hadi mama 20 kati ya 100 wanaozaa kwa kupasuliwa hupata maambukizi ya kidonda. Sababu ni nyingi, kama vile mikono na vyombo visivyo safi, lakini msongamano wa watu ni mojawapo.

Nani huingia? Muuguzi aliyesahau uzi, wanafunzi wengi kwa mara moja, mtu anayetafuta sahihi ya daktari, tena wageni wakubwa wanaotembezwa. Mashine za kusafisha hewa ni za bei kali, na hospitali zetu nyingi zinategemea jenereta. Lakini kuandaa vyombo vyote mapema, kupunguza watu na kuhesabu mara ngapi mlango umefunguliwa, hakuombi mafuta wala mfadhili.

Hapa kanisa lina sehemu yake. Kwetu, kumtembelea mgonjwa ni agizo la Bwana, na hatutaki lipunguzwe. Mchungaji aombe pamoja na mgonjwa kitandani, kabla hajapelekwa kupasuliwa. Wajumbe waonyeshwe chumba siku ambayo hakuna kazi, kabla hakijasafishwa.

Zaidi ya yote, viongozi wetu wanaosimamia hospitali hizi wamlinde muuguzi anayesimama mlangoni. Akimwambia mkubwa, “Baba, hapa hamuingii,” asiitwe mwenye kiburi, wala asihamishwe kwa sababu hiyo. Yeye anamtunza yule aliyelala ndani, asiyeweza kujitetea.