Elimu ya Safari ya Miguu ni Amana, Tuwarithishe Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Ntobeye, wilayani Ngara, mzazi akiulizwa kwa nini anamsomesha mwanawe, mara nyingi hujibu: ili asije akabeba mzigo kichwani kama mimi. Jibu hilo tunalielewa. Aliyepanda vilima hivi na mkungu wa ndizi juu ya ngata hahitaji kuhubiriwa juu ya uzito wa dunia. Lakini tunapoukimbia mzigo, tunatupa pamoja nao elimu ya kuubeba. Leo kijana anafika Mwanza kwa basi bila tabu, ila usiku ukimkuta porini hajui kaskazini ni wapi, wala maji yapi ni salama.

Wapo wasemao kuwa zama za kutembea zimepita. Watu wazima wa Ngara hawawezi kusema hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban saa 24. Kila familia ilikuja na kile tu ilichoweza kubeba: mkeka, sufuria, dumu la maji. Walikuwamo wakulima na walimu, maskini na waliokuwa matajiri wiki moja kabla. Safari ya miguu haimuulizi mtu cheti chake.

Wengine hudhani kuwa kujifunza kubeba shanta na kulala porini ni mambo ya watalii. Na tuitazame Hijra ya mwaka 622. Madina iko kaskazini ya Makka, lakini Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) walitoka kwanza kuelekea kusini, wakajificha siku tatu katika pango la Thawr. Asmaa binti Abubakar aliandaa masurufu ya safari, ndugu yake Abdullahi akaleta habari za mji, na Amir bin Fuhayra akapitisha kondoo juu ya nyayo ili zifutike. Kiongozi wa njia, Abdullahi bin Urayqit, hakuwa Mwislamu. Alichaguliwa kwa sababu aliijua njia na aliaminika. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alijiandaa hivyo, sisi ni nani tuseme kuwa kutawakali kunatosha bila matayarisho? Amri ya kuchukua masurufu iliyomo katika Suratul-Baqara, aya ya 197, wanavyuoni wameeleza kuwa iliwagusa watu waliokwenda Hija mikono mitupu wakidai wanamtegemea Mungu, kisha wakaishia kuombaomba.

Elimu hii si ngeni katika ardhi yetu. Mwaka 1861 msafara wa Speke na Grant ulipita Usui, yaani nchi ya Biharamulo na Ngara ya leo, ukielekea Karagwe. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akafikishwa India. Vitabu vilisifu wageni, lakini migongo iliyobeba na miguu iliyoongoza ilikuwa ya Waafrika.

Basi tuwafundishe nini watoto wetu? La kwanza ni mzigo. Usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji: mtoto wa kilo 40 abebe kilo 8, na akumbuke kuwa lita moja ya maji peke yake ni kilo moja. Vizito vikae karibu na mgongo, nguo za kulalia chini, turubai la mvua juu. Kumtwisha mtu asichokiweza ni dhuluma. Hata wapagazi wa Kilimanjaro wamewekewa kikomo cha kilo 20.

La pili ni maji. Ya mtoni yachemshwe hata yakionekana maangavu.

La tatu ni kujua pande za dunia. Suratun-Nahl, aya ya 16, inatukumbusha kuwa nyota ni uongofu kwa wasafiri. Sisi tuko kusini ya ikweta, hivyo Nyota ya Kaskazini haitufai; tunao Msalaba wa Kusini. Mchana, mtoto asimike kijiti, aweke alama penye ncha ya kivuli, kisha aweke nyingine baada ya robo saa. Mstari kutoka alama ya kwanza kwenda ya pili huelekea mashariki. Na kwa kuwa kibla chetu hapa Ngara ni kaskazini kwa kuegemea kidogo mashariki, ajuaye hayo hatababaika swala ikimkuta njiani.

La nne ni kambi. Mtume (S.A.W.) alikataza kulala juu ya njia usiku, kwa kuwa wanyama na wadudu hupita hapo, na akaamrisha moto uzimwe kabla ya kulala. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, moto mmoja ulioachwa huteketeza kilima kizima.

La tano ni uongozi. Watatu wakisafiri, Sunna ni wamteue mmoja kuwa amiri. Wamuage mtu nyumbani na kumwambia njia na siku ya kurudi. Atakayepotea asitangetange; atulie mahali pamoja, atafutwe.

Mzazi atauliza: je, hatari? Hatari ipo, na ndiyo sababu ya kufundisha. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, ina nyati na mbung'o. Haiingiwi bila kibali. Mpaka wa Burundi nao una sheria zake. Vilima vya vijiji vyetu vinatosha. Na mabinti je? Wao ndio wachotao maji na kubeba kuni kila siku. Tusiwaachie mzigo tukawanyima elimu. Wafundishwe na walimu wa kike, kwa stara na pamoja na mahramu wao.

Tunapendekeza kila madrasa itenge siku moja ya likizo ya Juni kwa matembezi, kwa idhini ya wazazi, pamoja na sanduku la huduma ya kwanza na mzee mfugaji anayeyajua mapori. Wakishazoea, walale usiku mmoja nje, waswali Alfajiri juu ya kilima. Mtoto aliyebeba chakula chake na kumsubiri mwenzake aliyechoka amejifunza subira kwa miguu yake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wote na atupe wepesi wa kuwalea watoto wetu. Wabillahi tawfiq.