Kabla Hujanunua Baiskeli, Mtafute Fundi

Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu baiskeli ya kwendea shule. Niliikuta katika duka kubwa, imepangwa kati ya majokofu na magodoro, zambarau inayong'aa, na bei yake ilikuwa chini kuliko ile niliyotajiwa na muuzaji wa baiskeli wa mtaa wa Ngamiani. Wiki ya tatu pedeli ya kushoto ikaanza kucheza. Wiki ya nne ikachomoka akiwa barabarani, na mtoto akarudi nyumbani anaikokota, goti limechubuka. Nikaipeleka kwa fundi wetu, mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini kwenye kona ya mojawapo ya barabara zetu za namba hapa Tanga. Hakuigusa pedeli. Alisimama mbele ya baiskeli, akaitazama kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, nani kakufungia hii? Uma umekaa kinyumenyume."

Ni kweli. Uma wa mbele umepinda kidogo, na mpindo wake hutakiwa kuelekea mbele. Ukigeuzwa, usukani hubadilika tabia, na kidole cha mguu hugonga gurudumu mtu anapokata kona. Ile pedeli nayo ilikuwa na kisa chake. Pedeli ya kulia hukazwa kama skrubu yoyote, lakini ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha upande wa pili, ili mwendo wa miguu usiilegeze. Ndugu Wilbur na Orville Wright, ambao kabla ya kurusha ndege mwaka 1903 walikuwa na duka la kuuza na kutengeneza baiskeli huko Dayton, Marekani, walizitangaza pedeli za namna hiyo kwenye baiskeli zao mwaka 1900. Maarifa ya zaidi ya karne, basi, na kila fundi anayajua. Aliyeifunga baiskeli ya binti yangu hakuyajua. Alilazimisha spana mpaka meno ya tundu yakalika, akaipandisha baiskeli kwenye rafu, akaendelea na kazi nyingine.

Siku hizi baiskeli inauzwa kila mahali. Utaipata kwenye duka la vyombo vya nyumbani, utaiagiza kwa simu ikakufikia ndani ya boksi, utaichagua kwenye lundo la mitumba iliyoshushwa kutoka kontena. Wengine hupewa na mgombea wakati wa uchaguzi, au na mradi wa afya unaotaka mhudumu wa kijiji afike kaya za mbali. Nami nimeshaulizwa mara nyingi, na ndugu na majirani, kama kuna haja ya kumwendea muuzaji wa mtaani anayetaja bei ya juu, wakati chombo ni kile kile. Jibu langu ni kwamba haja ipo, na kwamba chombo si kile kile. Baiskeli iliyo ndani ya boksi bado haijawa baiskeli. Ni vyuma vinavyosubiri mtu wa kuvifunga na, baada ya hapo, mtu wa kuvirudia.

Hili la kurudia ndilo wengi hawalioni wanapolinganisha bei. Ringi mpya husimama kwa nguvu ya spoku, na spoku mpya hulegea kadiri zinavyozoea mzigo. Spoku moja ikilegea, jirani zake hubeba fungu lake, nazo huanza kukatika, aghalabu kwenye gurudumu la nyuma, upande wa friwili. Nimemwangalia mzee wa mwarobaini akikagua gurudumu: huipindua baiskeli, huigusa kila spoku kwa kidole, kama mpiga udi anayetafuta sauti kabla taarabu haijaanza. Isiyolia sawa anaijua, anaikaza nipeli yake robo mzunguko, anaizungusha ringi tena na kutazama kama inayumba. Ni kazi ya dakika 15. Muuzaji wa Ngamiani huifanya bure baada ya wiki mbili kwa kila baiskeli aliyoiuza, kwa sababu anajua utapita tena mbele ya duka lake kesho na keshokutwa. Duka la majokofu halina mtu wa kazi hiyo. Tofauti ya bei niliyojivunia siku ile ilimezwa na krenki mpya, na bado sijalihesabu goti la mtoto.

Vipimo vya tairi ni mtego mwingine, na hapo ndipo nimeona fedha nyingi zaidi zikipotea. Sisi tumezoea kusema baiskeli ya 28 au ya 26, kama vile namba hiyo inatosha. Haitoshi. Phoenix ya Shanghai, ile nyeusi ndefu yenye breki za fito, pamoja na jamaa zake Hero na Avon za Ludhiana na Raleigh za zamani za Nottingham, zinatumia tairi ya inchi 28 kwa 1½, ambayo hukaa kwenye ringi ya milimita 635. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Ulaya nazo huitwa 28, lakini ringi zake ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na hiyo inatosha kuifanya tairi ya moja isikae kwenye nyingine hata ukiitia sabuni. Kwa upande wa 26 pengo ni kubwa zaidi: ya milimani ni milimita 559, ya Kijapani ya kwendea sokoni mara nyingi ni 590. Namba hizi huchapishwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635, ambapo ya kwanza ni unene na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa. Hiyo ya pili ndiyo ya kuandika kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Sasa mfikirie mtu aliyenunua mtumba mzuri, chuma imara, gia tatu ndani ya habu, kwa bei ya kuokota. Tairi zinapokwisha, anazunguka mji mzima. Muuzaji wa vipuri wa mtaani anaweka zile zinazoulizwa kila siku, na zinazoulizwa kila siku ni za Phoenix na za milimani. Baiskeli inaegemezwa ukutani, kuku wanataga chini yake. Yule muuzaji wa mtaani angemwambia mapema, "Hii tairi yake hatuna," na neno hilo moja lina thamani zaidi kuliko punguzo lolote. Ndiyo maana nawashauri watu wakague rafu ya vipuri ya fundi wao kabla ya kukagua baiskeli. Nunua kile ambacho mtaa wako unaweza kukitengeneza.

Mafundi wetu nao wana lawama zao, na kuzinyamazia ni kuwakosea wateja wao. Wapo wanaofunga gololi za kiwango duni na kutoza za kiwango bora. Wapo wanaobadilisha friwili nzima pale ambapo kusafisha na kutia grisi kungetosha. Wengi hukadiria bei kwa kutazama viatu vya mteja, na risiti hawaijui. Baiskeli zenye breki za mafuta au gia 21 huwashinda baadhi yao, lakini hawasemi. Wanajaribu, na wanaharibu. Nimewahi kulipia cheni mpya ambayo sikuihitaji, na sikulijua hilo mpaka mzee wa mwarobaini aliponionyesha namna ya kupima.

Kipimo chenyewe ni rula ya mwanafunzi. Kila pini ya cheni iko nusu inchi kutoka kwa mwenzake, hivyo kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake panapaswa kuwa inchi 12 kamili. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, hesabu, tazama ya mwisho imeangukia wapi. Ikiwa imepita inchi 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita, cheni imechoka na ibadilishwe. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, imeshayala meno ya friwili pia, na cheni mpya peke yake itaruka. Fundi aliyenifundisha haya alijipunguzia nafasi ya kunidanganya, nami tangu siku hiyo sina fundi mwingine. Laiti vyama vya mafundi, penye vyama, vingebandika bei za kazi kumi za kawaida pembeni ya karai la maji, ugomvi mwingi ungekwisha.

Wanaogawa baiskeli kwa mamia wana wajibu mkubwa kuliko mimi na binti yangu. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, limechukua njia ninayoiona kuwa sahihi. Baiskeli zake za Buffalo, ambazo kwa Kenya huunganishwa Kisumu, ziliundwa kwa barabara mbovu na mizigo mizito, na shirika hufundisha mafundi wa vijijini na kuweka njia ya vipuri pamoja na baiskeli zenyewe. Yaani anayepokea baiskeli anapokea pia mahali pa kuipeleka ikiharibika. Halmashauri inayotangaza zabuni ya baiskeli kwa watendaji wake haishindwi kuandika kifungu kama hicho: mzabuni ataje fundi katika kila kata, na aache kwa fundi huyo tairi, mipira, spoku na gololi za mwaka mmoja. Bila kifungu hicho, zabuni inanunua picha za siku ya kukabidhi.

Kisha kuna suala la mahali. Mwishoni mwa mwaka 2021 miji mingi ya Tanzania iliwaondoa wamachinga kando ya barabara na kuwapeleka kwenye masoko waliyopangiwa. Barabara zilihitaji nafasi, hilo silipingi. Mtembea kwa miguu naye ana haki ya kupita. Lakini fundi baiskeli alihesabiwa sawa na muuza mikanda, na hapo ndipo kosa lilipo. Mkanda unaweza kuufuata sokoni Jumamosi. Pancha haina Jumamosi. Mteja wa fundi anamjia akiwa anakokota, mara nyingi na gunia la mkaa au ndoo za samaki kwenye karia, na kila mita mia ya kukokota ni samaki wanaolainika juani. Ukimpeleka fundi kwenye kizimba cha ndani ya soko, nyuma ya wauza vitenge, umemwondoa kwenye kazi yake hata kama umempa bati na sakafu ya saruji.

Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekewa njia ya baiskeli pia. Huo ni uamuzi mwema. Natamani wahandisi wanaochora barabara kama hizo wachore pia, kila baada ya kilomita mbili hivi, kibanda kidogo cha fundi: mita mbili kwa mbili, kivuli, bomba la maji, ndoano ya kutundikia baiskeli. Wasimwangalie fundi kama uchafu uliobaki pembeni bali kama sehemu ya barabara, sawa na kalvati na taa.

Mzee wa mwarobaini ana kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile kilichokuwa kikitolewa kwa shilingi 20,000 kuanzia mwishoni mwa 2018. Anakihifadhi ndani ya kopo la sulusheni pamoja na viraka. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa na kijana wa miaka 15 hivi, anamfundisha kufunga pedeli. Kijana alishika ya kushoto, akaanza kuizungusha upande usiofaa, na mzee akamshika mkono kabla spana haijakaza. "Hii haitaki nguvu," akamwambia. "Ianze kwa vidole. Ikikataa vidole, ujue umekosea upande." Nikamuuliza kama huyo ni mjukuu wake. Akasema hapana, ni mtoto wa jirani, na kwamba hajui kama atamwachia kona ile au wataambiwa wahame wote wawili.