Kabla ya kadi, angalia pawa saplai

Vijana wa hapa Timbwani huniuliza kila siku: "Kaka, ninunue kadi gani ya gemu?" Mimi naona wanaanzia mkiani. Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za maofisini. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya 2012, ile ya kasha dogo: pawa saplai yake ni wati 240, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Sloti ya PCIe hutoa wati 75 tu. Basi tafuta GTX 1050 Ti ya kimo kifupi, isiyodai waya wa ziada. Kuvuka feri kwa miguu ni bure. Kadi isiyoingia si bure. Pima kwanza, ndipo ulipe. Nyinyi mwaonaje?