Maziwa hayajaharibika, ni tindikali ya sukre

Yaya mwandishi, makala yako ya kinywaji cha maziwa na sukre (soda) nimeipenda, ila pale uliposema maziwa yakikatika ndani ya sukre basi yalikuwa yameshaharibika, hapana. Hapa Mutoshi nawatengenezea watoto kinywaji hiki Oktoba joto linapozidi, kwa maziwa ya unga ya kopo jipya kabisa, na yakikutana na sukre ya limau yanakatika vilevile. Ni tindikali. Protini ya maziwa hushikana na kujitenga na maji pH ikishuka hadi 4.6 hivi, na sukre nyingi ziko chini ya hapo. Kwa hiyo wenzangu, achaneni na limau na chungwa. Mimi natumia maji ya gesi na siro kidogo ya grenadini: barafu kwanza, siro, maji ya gesi baridi sana, maziwa mwisho, polepole, pembeni mwa glasi. Na maziwa ya unga yakorogeni mazito, kisha yapoe vizuri ndani ya frigo, maana mepesi hayaachi ladha yoyote mdomoni. Ndugu uliyeandika hapo juu kwamba tunaiga Wazungu wakati munkoyo upo, munkoyo naupenda sana, lakini uji wake wa mahindi unahitaji muda na ile mizizi yake hadi uchachuke. Mgeni akipiga hodi mchana huu utampa nini? Yaya, tuwekee na makala ya kinywaji hiki cha vanila, na utuambie kama maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanafaa.