Suruali ya Marinda ya Staa: Fundi Anaonewa

Ile picha ya staa wa Bongo Fleva kwenye harusi ya mshikaji wake imezunguka mno wiki hii. Koti safi, kiatu safi, ila suruali ya marinda imemvutika kiunoni, mikunjo yote imeachama na mifuko ya pembeni imetokeza kama masikio. Watu wakamrukia fundi: kaharibu kitambaa cha watu! Staa naye akaweka emoji ya kucheka, msala akamwachia fundi.

Hapo fundi kaonewa. Mkunjo wa suruali unakula kitambaa. Wenye kina cha sentimita 2 unameza sentimita 4, sasa weka miwili kila upande: sentimita 16, na lazima ziongezwe kwenye vipande vya mbele kabla mkasi haujapita. Kikishakatwa, basi tena.

Kazi ya ile mikunjo ni kumpa mtu nafasi anapokaa, nyonga na mapaja yanapotanuka. Akisimama inatakiwa ilale, ule wa kwanza uungane na mstari wa pasi unaoshuka mpaka kwenye kiatu. Ukiona imeachama na mtu kasimama, ujue nyonga zimebanwa. Uzi hauna kosa.

Sasa nani alitaka ibane? Inavyosemwa mtaani, staa alipimwa vizuri tu. Siku ya kujaribisha akalalamika eti amekuwa kama mzee wa miaka ya 80, akataka ipunguzwe pembeni iwe modo. Fundi akabisha, akajibiwa "we punguza tu, bro". Akapunguza, mikunjo ikakosa pa kulala. Kosa lake, kama lipo, ni kukubali. Lakini fundi gani wa kibarazani anamgomea staa?

Mastaa wanataka marinda kwa sababu yamerudi kwenye fasheni, halafu wanataka modo kwa sababu wameizoea. Kwenye suruali moja havikai vyote viwili. Anayependa kubana ashonewe ya mbele bapa, atapendeza na hakuna atakayemcheka.

Kinachouma ni kwamba tangu picha itoke, wateja wawili wameshafuata vitambaa vyao kwa yule fundi, na nusu ya hela ya suruali yenyewe bado hajapewa. Wadau mnasemaje, alipwe au asilipwe?