Rupia ya Mjerumani isimalize mtaji wako

WIKI iliyopita, katika soko la Ngagara hapa Bujumbura, mama mmoja muuza vitenge alinifungulia kitambaa. Ndani yake kulikuwa na sarafu ya rangi ya dhahabu: upande mmoja tembo mbele ya mlima, upande wa pili tai wa Kijerumani. Mteja wake wa ng'ambo ya mpaka alichukua vitenge 40 kwa mkopo, kisha akalipa deni kwa sarafu hiyo.

"Mwanangu, wewe umesoma," aliniambia. "Hii ni dhahabu kweli?"

Tulikwenda kwa sonara, tukaipima: gramu 4 na kidogo. Sarafu halisi ya aina hiyo ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Nilipomweleza, mama alikunja kitambaa chake bila neno, akarudi kwenye meza iliyobaki nusu tupu.

Msimamo wangu ni huu: mfanyabiashara wa mpakani asipokee kitu cha kale kama malipo ya deni, hata kama aliyekileta ni mteja wa miaka mingi.

Uongo huu hupata nguvu kwa sababu umejengwa juu ya ukweli. Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani, na rupia ilikuwa fedha ya koloni hilo. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimefunga njia ya baharini, Wajerumani walipiga chapa sarafu zao katika karakana ya reli mjini Tabora. Za dhahabu, zenye thamani ya rupia 15, zilitokana na dhahabu ya Sekenke. Zilitoka 16,000 na ushei tu, na Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Kwa hiyo ni adimu, wakusanyaji wanazitafuta, na matapeli wanalijua hilo.

Mizani ndogo ya sonara inatosha kumkamata tapeli mvivu. Shaba ya njano ni nyepesi kuliko dhahabu, hivyo sarafu ya shaba yenye ukubwa uleule haitafikia gramu 5. Rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm II ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30, na haishikwi na sumaku. Tazama pia mwaka: za fedha ziliishia 1914, hivyo yenye mwaka wa baadaye ni ya bandia. Kisha kagua ukingo. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono au vitundu vidogo.

Hata Wajerumani wenyewe hawajasalimika. Vikombe vikubwa vya bia ambavyo askari wao walivinunua kama kumbukumbu ya utumishi kabla ya vita vya 1914 vimeigwa kwa wingi. Mnunuzi mzoefu hulinganisha jina la kikosi, mji na mwaka vilivyoandikwa, vikipingana, anaondoka.

Lakini tusidanganyane. Mizani humfichua mwongo, haimthibitishi mkweli. Tapeli hodari anaweza kutumia dhahabu yenyewe na kupata uzito sawasawa. Na sarafu za shaba za Tabora za heller 20, kwa kuwa zilitengenezwa kwa haraka ya vita, nyingine zina chapa mbovu ingawa ni halisi. Hapo anahitajika mtaalamu, na mtaalamu hayupo kwenye meza ya vitenge.

Wapo watakaosema mkopo bila dhamana ni mbaya zaidi, afadhali sarafu kuliko mikono mitupu. Siafiki. Deni lililoandikwa, lenye jina na namba ya kitambulisho, bado unaweza kulidai mbele ya viongozi wa soko au mahakamani. Ukikubali sarafu, umefuta deni kwa mkono wako mwenyewe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imetupatia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho humwambia ofisa wa forodha bidhaa imetoka wapi, lakini hakuna karatasi ya mpakani inayosema sarafu ni ya kweli. Tena vitu vya kale vina sheria zake. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Unaweza kudhulumiwa mara mbili: kwanza na tapeli, kisha kwa kukamatwa na mzigo usio na kibali.

Vyama vya wafanyabiashara vianze na jambo dogo: mizani moja na daftari moja la madeni katika kila soko la mpakani. Na kwa anayeuza sarafu za kuiga, aseme wazi kuwa ni za kuiga. Biashara yetu ya kuvuka mipaka inasimama juu ya mkopo, na mkopo unasimama juu ya neno la mtu. Yule mama wa Ngagara sasa hamkopeshi mgeni yeyote, hata mwaminifu. Hasara hiyo inatugusa sote.