Fundi hana makosa, ni dima

Umehamia bedsita, umeona TikTok chumba chenye mwanga wa kutuliza roho, ukakimbia Luthuli kununua dima, ile swichi ya kupunguza mwanga. Usiku balbu zinapepesa kama za disko na swichi inavuma kama nyuki. Fundi anatukanwa bure.

Dima nyingi za bei rahisi ziliundwa kwa zile balbu za zamani za waya, zilizokula wati 60 au 100 kila moja. Baadhi hazitulii mzigo ukishuka chini ya wati 40. Wewe una balbu 3 za LED za wati 9. Jumla ni 27, sasa itatulia vipi?

Hata dima ikiwa ya LED, balbu nayo lazima iwe ya kupunguzika. Tafuta neno "dimmable" kwenye boksi. Lisipokuwepo, wachana nayo.

Lakini kwa nini mnunuzi ndiye ajue haya yote? Muuzaji asiyeuliza una balbu gani anakuonea. Mwambie aziunganishe hapo kaunta, apunguze mwanga hadi chini kabisa, ndipo utoe pesa. Akikataa, duka jirani liko wazi.